Tawi Ambalo Lidka Hakulikata

Kijiti chenyewe hakikuzidi urefu wa kidole cha kati. Lidka alikuwa amekizungushia kitambaa chenye maji, juu ya kitambaa gazeti, juu ya gazeti mfuko wa nailoni, na bado tangu basi lianze kupanda mlima alikuwa akichungulia ndani kila baada ya kona mbili, kana kwamba kingeweza kutoroka. Nje hapakuwa na cha kutazama. Ukungu wa mwezi wa tatu ulikuwa umeikalia milima ya Jeseníky tangu Jumapili, theluji inayeyuka chini, na juu hujui msitu unaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Dereva aliwasha taa akawa anakwenda pole pole. Abiria walikuwa watatu, wawili wamelala. Lidka naye alikuwa kati ya usingizi na macho, na katika hali hiyo akamwona mumewe Vendelín amekaa kiti cha mbele kabisa, kofia yake ya sufi imeshuka hadi masikioni, hageuki nyuma. Hakushtuka. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu Vendelín azikwe, na mara kwa mara hupanda basi hili. Siku zote hukaa mbele.

Safari yenyewe ilikuwa na sababu. Bohdana, binti yao wa pekee, alikuwa amemshawishi mama yake mpaka akakubali kuhamia kwake Pardubice. Magoti yalikuwa yamekataa ngazi na kuni zilikuwa zimekataa kujipasua zenyewe. Nyumba ilishapata mnunuzi, na baada ya Pasaka funguo zingetoka mikononi mwa Lidka. Huko mjini angepewa chumba chenye dirisha na kibaraza cha upana wa meza ya kulia. Vyombo aligawa. Kabati la mama mkwe alimpa jirani. Kitu kimoja tu alitaka kwenda nacho, nao ni msonobari kibete wa Vendelín, na huo haukuweza kuingia kwenye gari la Bohdana wala la mtu yeyote, kwa kuwa sasa ulikuwa umelipita paa la nyumba.

Kibete kinachopita paa. Ndiyo, na wewe umeona tatizo lilipo, msomaji. Lidka hakuliona, au alikuwa hataki kuliona. Tusimcheke mapema.

Wasiozaliwa huku kwetu hudhani misonobari vibete ni kazi ya mkasi, mtu anakaa anapunguza punguza. Sivyo. Juu kabisa kwenye msonobari wa kawaida, mrefu, wenye akili zake timamu, hutokea tawi moja linapandwa na wazimu. Halirefuki tena. Linabanana, linajisokota, linakuwa furushi kama kiota cha kunguru, na watu hapa huliita ufagio wa mchawi. Ukipata kijiti cha ufagio huo ukakibebesha, yaani ukakifunga kwa ustadi juu ya shina la mche wa kawaida mpaka vishikane, unapata mti ambao kwa miaka thelathini hautapita goti lako. Kwa ajili hiyo wanaume wazima, wenye wake na heshima zao kanisani, hutumia Jumapili nzima wakitembea msituni shingo zimekwenda juu. Jioni wanarudi hawawezi kugeuza kichwa, na wake zao wanawakanda kwa mafuta ya bata bukini huku wakiwasema.

Tena wana sheria zao. Aliyeuona ufagio kwanza ndiye mwenye kuupa mti jina. Aliyepanda kuukata anachukua nusu ya vijiti. Hazijaandikwa popote, lakini mtu akizivunja, huku kwetu anatazamwa kama mwizi wa kuku.

Vendelín alizivunja. Au Oldřich Pešout ndiye aliyezivunja, inategemea unaongea na nani. Wawili hao walikuwa wamekula sahani moja tangu utoto. Walikata miti pamoja, wakaenda jeshini pamoja, wakawinda fagio pamoja miaka na miaka. Siku moja ya Novemba, kwenye mti mmoja nyuma ya kijiji cha Zadní Skalka, Oldřich akasema ameuona yeye kwa darubini, Vendelín akasema ameuona yeye kwa macho yake wakati mwenzake bado anafuta vioo. Vendelín akapanda, akakata, akashuka na vijiti vyote ndani ya shati, akaenda navyo nyumbani bila kubakiza hata kimoja. Wakanuniana miaka ishirini. Ishirini kamili, wanaume wawili wenye mvi, kwa kitu kisichotosha hata kufagilia jiko.

Na Lidka ndiye aliyekuwa mpeleka barua. Miaka thelathini na minne alizunguka vijiji hivi na mfuko begani, kiangazi kwa baiskeli, theluji ikianguka kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea. Barua za Oldřich zilikuwa zake kuzipeleka. Kichwa kigumu yule hakuwahi kumkaribisha ndani, lakini kila siku ya baridi kali Lidka alikuta kikombe cha chai ya moto juu ya nguzo ya lango, kimefunikwa kisahani. Anakunywa, anaacha barua, anaacha kikombe. Hakuna aliyesema ahsante wala karibu. Vendelín hakuambiwa habari hizo hata siku moja.

Basi likasimama. Dereva akamwambia, "Zadní Skalka, mama. Angalia hapo chini, pana utelezi."

"Mimi nimeteleza hapa kabla wewe hujazaliwa," Lidka akamjibu, akashuka kwa kushika chuma kwa mikono miwili.

Kitalu cha Pešout kilikuwa juu ya kijiji, mwendo wa robo saa kwa miguu ya zamani na nusu saa kwa hii ya sasa. Aliliona lango, akaiona nguzo, na mkono wake ukaigusa juu kabla hajafikiri. Hapakuwa na kikombe. Akapiga moyo konde, akaingia.

Siku zile za barua hakuwahi kupita lango hili, na sasa alipopita alihisi amekosea njia, ameingia usingizini mwa mtu mwingine. Mbele yake palikuwa na msitu mzima, wenye vilima vyake na mabonde yake na mawe yake, na msitu wote ulimfika magotini. Kulikuwa na misonobari ya duara, imevaa kofia za theluji. Kulikuwa na iliyolala chini na kumwagika juu ya mwamba. Mmoja ulisimama peke yake, shina limepinda kwa upepo, mzee wa kutisha, na kipimo chake kilikuwa kisigino hadi goti. Ukungu ulipita kati yake kwa utaratibu kama unavyopita kati ya milima ya kweli. Lidka akatembea kwa hatua ndogo, mikono ameibana kifuani, kwa hofu ya kuangusha kitu. Akawaza kwamba labda ndivyo Mungu anavyojisikia asubuhi akishuka huku, hajui aweke mguu wapi. Maji yalidondoka mahali fulani. Akasimama kusikiliza, na kwa muda hakukumbuka amekuja kufanya nini.

"Ukikanyaga huo wa kushoto, umemkanyaga mzee aliyenizidi umri," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Zorka, binti wa Oldřich, mwanamke wa miaka arobaini na ushei mwenye buti za mpira na mdomo usiojua kupumzika. Akamtazama Lidka kwa makini, kisha uso wote ukafunguka. "Mama Lidka. Wa barua. Mbona umekuja bila barua?"

"Nimekuja na kijiti."

"Kijiti." Zorka aliutazama mfuko wa nailoni, na Lidka akaona kitu kinapita usoni mwake, upesi, kama mtu aliyekumbuka jiko ameliacha na moto. "Twende ndani. Baba yuko bandani. Nakuonya tu, tangu asubuhi anagombana na redio."

Banda lilikuwa refu, la vioo, lenye joto la makaa na harufu ya utomvu. Harufu hiyo ilimpiga Lidka mlangoni. Ndiyo iliyokuwa ikirudi na Vendelín kila jioni, kwenye shati, kwenye nywele, kwenye mikono hata akisha kunawa. Mezani alikaa Oldřich, mrefu bado, mwembamba, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya paji. Alikuwa akifunga mche kwa utepe wa mpira. Aliinua kichwa, akamwona, akaufunga ule utepe hadi mwisho kwanza.

"Shemeji," akasema.

"Oldřich."

"Kaa."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza kusemezana tangu mazishi, na kwenye mazishi yenyewe walipeana mkono tu. Lidka akakaa. Alikuwa amejipangia hotuba njia nzima, yenye magoti, Pardubice na kibaraza cha upana wa meza, lakini ikamtoka yote kwa mkupuo mmoja, kisha akafungua mfuko, gazeti, kitambaa, akakiweka kijiti mezani.

"Ni cha mti wa Vendelín," akasema. "Nimekikata jana, matumba bado hayajafumbuka, najua ndivyo mnavyotaka. Mti mama wa kule nyuma, ule wa ufagio wenyewe, uliliwa na wadudu wa magome, wameuangusha mwaka ule walipofyeka mlima mzima. Kwa hiyo huu wa uani kwangu ndio pekee. Nibebeshee mmoja tu, Oldřich. Mdogo, wa kwenye chungu. Najua hukumbuki mema ya marehemu, lakini nibebeshee."

Oldřich alivua miwani mmoja akavaa mwingine. Akakishika kijiti karibu na taa, akakigeuza. Akampa Zorka, Zorka akakitazama nusu ya sekunde akakirudisha, akainama kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

"Huo mti wa uani," Oldřich akasema, "una urefu gani sasa?"

"Umekua vizuri."

"Vizuri kiasi gani?"

Lidka akaangalia mikono yake. "Umepita paa. Ni hewa ya pale kwetu. Kila mtu anasema ni hewa."

Ukweli ni kwamba kila mtu alisema mengine. Majirani walikuwa wakipita wanamtania: kibete cha marehemu kimeamua kwenda jeshini, Lidka, kibete chako kinataka kuwa mnara wa kanisa. Naye alicheka nao, akamwagilia maji, na usiku alilala vizuri. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza mjane kwa maneno yaliyonyooka.

Oldřich akaeleza, na ninamsifu kwa hilo, maana hakumpaka mafuta wala hakumkaripia. Akachukua mche mmoja toka mezani akamwonyesha kwa kalamu. Hapa juu ni kibete. Hapa chini ni shina la mche wa kawaida linalombeba. Na hili tawi la pembeni, chini ya mshono, ni la huyo mbebaji. Mwanzoni tunaliacha, linavuta utomvu, linamsaidia mgeni apone. Akishapona, mwaka wa pili au wa tatu, linakatwa. Lisipokatwa linachukua kila kitu. Linakuwa mti. Kibete kinabaki kivulini pale chini, kinakauka kidogo kidogo, hakipigi kelele.

"Hiki ulicholeta ni msonobari wa kawaida, shemeji. Kama ile yote huko nje mlimani."

Lidka hakulia. Alikaa na mikono mapajani, na banda likawa kama limesogea mbali, vioo, taa, Zorka na makaa yake, vyote vinaonekana lakini kwa ukubwa wa vitu vya kuchezea. Aliona uani kwake. Aliona kitu kidogo cha duara chini ya mti, kimekuwa rangi ya kahawia, ambacho siku moja ya Oktoba alikitoa kwa reki pamoja na majani makavu. Alikuwa amekijua, nadhani. Mkono wake ulikijua.

"Basi nimekiua," akasema.

"Hukukiua. Hukukata. Ni tofauti."

"Kwa kilichokufa ni tofauti gani?"

Oldřich akaurudisha mche mezani. Akasimama, magoti yakamlia, akasema, "Njoo huku nyuma."

Nyuma ya banda palikuwa na chumba kingine cha vioo, kidogo, baridi, chenye mwanga wa maziwa kwa sababu theluji ilikuwa bado imelala juu ya paa. Kwenye rafu kulikuwa na vyungu kumi na moja vimepangwa. Vya mwisho vilikuwa na miti ya duara iliyobanana, ya kijani kilichoingia bluu, matumba yamesongamana mengi mno kwa kitu kidogo hivyo. Lidka aliijua kabla hajaambiwa. Miaka ishirini mti wa namna hiyo ulikaa kwenye nusu pipa mbele ya mlango wake, mpaka majira yale ya baridi ya mwisho ya Vendelín, theluji iliposhuka toka paani yote kwa pamoja ikaupondaponda. Vendelín aliokota vijiti vilivyosalia akabebesha usiku huohuo kwenye meza ya jikoni, anakohoa, na mche mmoja tu ukashika. Huo ndio ule wa uani.

Akainama kusoma kibao. Miwani yake ilikuwa na ukungu, akaifuta kwa leso, akasoma tena. Palikuwa pameandikwa kwa mwandiko wa Oldřich, ulionyooka kama wa mwalimu: SAMAKI WA LIDKA.

Sasa hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo. Huku kwetu Krismasi hailiki bila samaki wa bwawani, tena ananunuliwa mzima, anawekwa kwenye bafu la nyumbani siku mbili tatu anaogelea, familia haiogi, kisha baba anamchinja. Nyumbani kwa Vendelín hakuchinjwa samaki hata mmoja katika miaka yote ya ndoa. Lidka alimvumilia samaki bafuni hadi tarehe ishirini na tatu, halafu usiku anamtia kwenye ndoo anampeleka mtoni. Na mezani siku ya pili Vendelín, mtu aliyeangusha misonobari maisha yake yote, anakula viazi na kachumbari, anawaambia wageni samaki wetu mwaka huu amepata udhuru.

"Alikuja hapa," Oldřich akasema. "Februari ile. Kwa basi."

"Alisema anakwenda kwa daktari wa meno."

"Alikuja na vijiti vitano kwenye kopo la tumbaku. Akaviweka mezani akasema, nusu yako, nimechelewa miaka ishirini. Nikamwambia jina ni lako, wewe ndiye uliyeuona. Akasema hapana, wewe ndiye uliyeuona, mimi niliona darubini yako imetulia nikatazama inakotazama. Miaka ishirini, shemeji, na mjinga yule alikuwa anajua. Tukanywa mvinyo wa matunda wa kwangu mpaka jina likapatikana."

Lidka alikumbuka. Mumewe alirudi jioni ile ananuka pombe, ana meno yake yote, anacheka peke yake kwenye ngazi. Alimuuliza jino gani limetibiwa kwa njia hiyo. Vendelín akasema la nyuma kabisa, la zamani, lilikuwa likimsumbua sana.

"Na ulikuwa nao huku miaka yote hii," akasema. Sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Miaka kumi na miwili, Oldřich. Hukuweza kuniandikia hata kadi? Mimi nimekuletea barua zako theluji ikinifika kiunoni."

"Aliniapisha." Oldřich alikuwa amevua miwani yote miwili, na bila hiyo alionekana mzee zaidi na mpole zaidi. "Alisema, huu niliobebesha nyumbani hautadumu, Lidka hatakata lile tawi. Mtu anayemwonea huruma samaki atamwonea huruma na tawi. Nitunzie wewe. Usimfuate, usimwaibishe. Akija mwenyewe mpe, lakini asitoke nao mpaka akate tawi kwa mkono wake. Vinginevyo utakwenda kufa Pardubice au popote. Pardubice hakusema, ninaongeza mimi." Akasita. "Nilifika kituo cha basi mara mbili. Nikarudi."

"Mara tatu," Zorka akasema toka mlangoni. "Ya tatu alivaa tai."

Oldřich hakugeuka. "Kila miaka mitatu ninabebesha mmoja mpya ninauacha na tawi lake. Nikiona tawi limekuwa kubwa sana, ninalikata, nauweka pale, naanza mwingine. Huu ndio wa zamu hii."

Akauteremsha. Ulikuwa mdogo kuliko kichwa cha kabichi. Na pembeni, chini ya mshono, lilitoka tawi moja lililonyooka, refu kuliko mti wenyewe, la kijani kizuri, limechangamka, lina afya kupita kila kitu kilichokuwa humo ndani. Oldřich akatoa mfukoni kisu kidogo chenye mpini wa mbao akakiweka kando ya chungu. Zorka akaja akasimama upande wa pili. Juu ya paa kipande cha theluji kiliteleza kidogo kikakwama tena.

Lidka hakukigusa kisu.

"Si lazima leo," Oldřich akasema. "Tunaweza kunywa chai kwanza."

"Baba, chai haikati," Zorka akasema.

"Mlikosea," Lidka akasema.

Wakamtazama.

"Wewe na yeye. Mlikaa hapa mkilewa mkanijadili, na mlikosea. Samaki ni kweli. Kwa samaki mimi ni mjinga, na nitakufa mjinga. Lakini lile tawi sikuliacha kwa huruma." Akaendelea taratibu, kama anayetafuta funguo kwenye mkoba. "Aliponionyesha pale uani alisema, Lidka, unaliona hili, usiliguse. Mwaka kesho kutwa theluji ikiisha nitalikata mwenyewe. Alisema hivyo. Mwezi wa tano akafa. Theluji ikaisha mwaka ule, ikaisha na uliofuata, mimi nikalitazama nikasema, lina mwenyewe. Ameahidi. Nilijua amekufa, mimi si mwehu, nilimwosha mwenyewe. Lakini kama lile tawi lipo, basi bado ana kazi moja nyumbani hajaimaliza. Na mtu mwenye kazi nyumbani..." Hakuimaliza sentensi.

Zorka akakigeuza chungu, tawi likaelekea kwa Lidka.

Lidka akavua glovu. Akakishika kisu, akakipima uzito, akakigeuza makali yakatazama chini. Kwa mkono wa kushoto alilishika lile tawi karibu na shina, pale pale ambapo lilikuwa limetokea, na kidole gumba chake kikahisi ubaridi wa gome na vijisindano vyake laini. Alikaa hivyo kitambo. Nje ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, mwanga ukawa unakuja na kuondoka juu ya vyungu, kijani, bluu, kijani, na harufu ya shati la Vendelín ilikuwa kila mahali, na aliona kama akisubiri kidogo tu mlango utafunguliwa na mtu ataingia akikung'uta buti, aseme, hebu nipishe, kazi hiyo ni yangu.

Hakuna aliyeingia. Akakata.

Kisu kilikuwa kikali, hakikuhitaji nguvu. Tone la utomvu likatoka likasimama kwenye jeraha. Oldřich akapaka nta kwa kidole, haraka, kama anavyofanya kwa miti yote, kisha akageuka kutafuta kitu kwenye rafu isiyokuwa na kitu, akakitafuta kwa muda mrefu.

"Basi, Vendelín," Lidka akasema. "Imekwisha. Pumzika."

Ndipo akalia, na Zorka akamshika, na chai ikanywewa hatimaye, na mkate wa mbegu za mpopi ukaliwa, na Oldřich akamfokea juu ya maji na jua la Pardubice mpaka Lidka akamwambia amewahi kulea mtoto, ataweza kulea chungu. Mchana Oldřich alimsindikiza hadi langoni. Juu ya nguzo alikuwa ametangulia kuweka kikombe, kimefunikwa kisahani. Lidka alikinywa chote akiwa amesimama. "Ahsante," akasema, na Oldřich akajibu, "Karibu."

Basi la kurudi lilikuja ukungu umeshainuka, mlima wote uko wazi. Lidka akapanda, chungu amekikumbatia, na mfukoni mwa koti lile tawi lililokatwa limekunjwa ndani ya gazeti la asubuhi, maana kulitupa hakuweza, tusimtake makubwa kwa siku moja. Dereva alikuwa yuleyule. Abiria hawakuwapo. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Alikitazama kwa muda akiwa amesimama, dereva akamsubiri, kisha akasogea, akakaa pale.